Kibao cha Kugusa cha Kompyuta

Katika mkoa wa Mtwara, mali kubwa ya wakulima ni korosho. Mavuno huja siku za joto, kuanzia mwezi wa Oktoba. Mkulima hupeleka magunia yake kwenye chama cha msingi. Hapo hupimwa, na karani huandika jina na uzito. Zamani karani alitumia kalamu. Siku hizi yupo aandikaye kwa kompyuta mpakato, yaani kompyuta ndogo ikunjwayo kama kitabu.

Chini ya vitufe vya kompyuta hiyo pana kibao laini. Kidole kikipita juu yake, kishale huenda katika kioo. Kidole kikigonga kidogo, alama ya kuandikia huhamia palipo na kishale. Kibao hiki hakipimi uzito wa kidole. Chini ya uso wake zimelazwa nyaya nyembamba sana, zilizopishana kama ukili wa mkeka, nazo zina umeme kidogo. Mwili wa mtu hupitisha umeme; basi kidole kikigusa, umeme wa nyaya zile hubadilika, na kompyuta hujua kidole kilipo.

Lakini kiganja nacho ni mwili. Karani aandikapo upesi, shina la gumba hugusa kibao naye hana habari, na kompyuta hudhani imeamriwa. Mara alama ya kuandikia huruka mpaka mstari mwingine. Karani aliyekusudia kuandika kilo 450 huenda akaandika 4 mbele ya jina la mkulima, na 50 mbele ya jina la jirani yake. Tena, kama mguso ule umeteua maneno, herufi ya kwanza itakayopigwa huyafuta yote. Jasho la mikono huzidisha matata, maana unyevu nao huvuruga umeme wa kibao.

Ikiwa kompyuta inaendeshwa kwa Linux, dawa ipo. Linux ni programu kuu ya kompyuta iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Haifichwi: kila mwenye maarifa ana ruhusa ya kuisoma na kuitengeneza. Ndani yake hutumika programu iitwayo libinput, ambayo kazi yake ni kupokea habari za kibodi, kipanya na kibao cha kugusa. Vitufe vya herufi vikipigwa, libinput huweza kukinyamazisha kibao kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hukirudishia kazi mikono inapotulia. Tena hujaribu kutambua kiganja kwa mahali kinapogusa, hasa kandokando ya kibao, ili isikifuate.

Basi karani afungue mipangilio ya kompyuta, penye habari za kipanya na kibao. Kwanza, atazame kama amri ya kunyamazisha kibao wakati wa kuandika imewashwa. Pili, azime amri ya kugonga. Tangu hapo mguso mwepesi hautahamisha alama, mpaka kibao au kitufe chake kibonyezwe kwa nguvu. Tatu, akiwa na kipanya, achomeke hicho na kukizima kibao kabisa. Pamoja na hayo, afute kibao kwa kitambaa kikavu, akaushe mikono, na kuinua viganja kidogo aandikapo.

Alama ikiruka hata hivyo, asiendelee kuandika. Abonyeze kitufe cha Ctrl pamoja na Z, na mara nyingi yaliyofutika hurudi. Mwisho, kabla mkulima hajaondoka, amsomee jina lake na kilo zake kwa sauti. Kompyuta haiwezi kujua kama 50 ile ni ya huyu au ya jirani yake. Lakini mkulima aliyebeba magunia yake mwenyewe anajua.