Kovu Lipitalo Mpaka wa Jaraha

Jaraha likisha kufunga, mwili hauachi kazi. Huendelea kwa miezi mingi kuzipanga upya nyuzi za kolajeni zilizoziba pengo, ukizijenga na kuzivunja kwa kadiri, hata kovu likalainika na kuwa sawasawa na ngozi iliyo kandokando yake. Ujenzi ukiushinda uvunjaji, kovu hututumka, likawa gumu, likawasha na kuuma. Na makovu ya namna hiyo matabibu wameyagawa mafungu mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka hufanana, ilhali tabia zake zina hitilafu kubwa.

Kovu la haipatrofia, hata liinuke vipi, halitoki nje ya mipaka ya jaraha lililolizaa. Huonekana majuma machache baada ya mtu kuungua au kupasuliwa, aghalabu mahali ngozi ivutwapo kama vile kwenye viungo, kisha baadaye huanza kunywea lenyewe. Keloidi huivuka mipaka ile na kuivamia ngozi nzima isiyopata kuguswa; huweza kukawia hata miaka kabla ya kudhihiri, na ni nadra kurudi nyuma pasipo tiba. Hupenda ndewe za masikio, kifua, mabega na taya, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na mara nyingi hufuata nasaba.

Kipimo hiki cha mpaka kilishikwa sana tangu Erle Peacock na wenzake, wa Marekani, walipokieleza mwaka 1970. Wako wataalamu wasemao kwamba ni maradhi mamoja yenye daraja mbalimbali, na toleo la kumi la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani huyatia yote chini ya alama moja, L91.0. Nami nasikitika kwa hilo, kwa sababu kisu hakiyatendei sawa. Binti aliyetoga masikio akaota keloidi, akikatwa tu bila tiba nyingine, uwezekano wa kurejewa ni baina ya asilimia 45 na 100, na pengine hurejea kubwa kuliko ya awali. Kwa hiyo ukataji haufai kufanywa pasipo sindano za triamsinoloni, mgandamizo au mionzi. Kovu la haipatrofia likikatwa kwa uangalifu na mvutano ukaondolewa, kwa kawaida halirejei.

Na uvimbe ukikua bila jaraha linalokumbukwa, tabibu hana budi kutoa kipande na kukitazama kwa hadubini kwanza, kwani iko saratani ya ngozi, dematofibrosakoma, ambayo huweza kudhaniwa kuwa keloidi.