Lori Lisilolala na Hesabu Zake

Mwaka 2023, kwa takwimu za ATRI, taasisi ya utafiti wa usafirishaji ya Marekani, kuendesha lori la mizigo nchini humo kuligharimu takriban dola 2.27 kwa kila maili. Mshahara na marupurupu ya dereva vilikula karibu senti 97, kupita hata mafuta. Anayezisoma tarakimu hizo harakaharaka hudhani biashara ya malori yanayojiendesha ni ya kumtoa mtu kwenye usukani na kutia mshahara wake mfukoni.

Fedha kubwa, hata hivyo, imo kwenye saa. Sheria ya Marekani humruhusu dereva kuendesha saa 11 tu, na zote ziishe ndani ya saa 14 tangu aanze kazi. Kisha ni lazima apumzike saa 10. Kutoka Fort Worth, Texas, hadi Phoenix, Arizona, ni takriban kilomita 1,600, masafa ambayo dereva mmoja hawezi kuyamaliza bila kulala njiani. Anapolala, kichwa na tela vimeegeshwa, mkopo wa gari unaendelea kuhesabika, na mwenye mzigo anangoja. Kompyuta, ikiwa ndiyo dereva, husimama kwa ajili ya dizeli na ukaguzi tu. Ndiyo maana kampuni nyingi za teknolojia hii haziuzi malori. Msafirishaji hununua lori lake mwenyewe, halafu hulipia "dereva" kwa maili. Lori likitembea saa 20 kwa siku, msafirishaji na kampuni wote wanavuna.

Kwa nini basi kampuni kadhaa zimeshindwa? Kwa sababu gharama hutangulia mapato kwa miaka mingi. Lori lililojaa Marekani hufika tani 36, na kwa mwendo wa barabara kuu huhitaji zaidi ya mita 150 kusimama. Mitambo yake ya kuona haina budi kukitambua kitu kilichoanguka barabarani, usiku, kutoka mbali kuliko teksi ya mjini inavyohitaji. Na kuthibitisha kwamba inaona ni kazi ya wahandisi mamia, isiyoleta hata senti. Kampuni ya Starsky Robotics iliwahi kupitisha lori lisilo na mtu ndani kwenye barabara kuu ya Florida mwaka 2019. Mwaka uliofuata ikafunga milango, na mwanzilishi wake akaandika kwamba kazi ya usalama haikuwasisimua wawekezaji. Kampuni nyingine, Embark, iliingia soko la hisa mwaka 2021 ikithaminiwa takriban dola bilioni 5, ikauzwa 2023 kwa milioni 71. Waymo, yenye mfuko wa Google nyuma yake, iliweka malori kando mwaka huohuo ili ikazanie teksi. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua kuhesabu.

Miongoni mwa kampuni zilizobaki ni Aurora, iliyochagua Texas kwa sababu zinazoeleweka: mizigo tele, theluji kidogo, na sheria ya mwaka 2017 iliyoruhusu gari kutembea bila mtu. Mwanzoni mwa Mei 2025 ilitangaza kuwa lori lake linabeba mizigo ya wateja kati ya Dallas na Houston bila dereva. Mwezi haukuisha. PACCAR, watengenezaji wa lori lenyewe, waliomba mtu akae kwenye kiti cha dereva, kwa kuwa baadhi ya vipuri vilikuwa bado vya majaribio. Aurora ilisisitiza kuwa mtu huyo haendeshi, lakini mshahara wake haukufutika. Katika robo hiyo ya mwaka kampuni iliingiza takriban dola milioni 1 na kupata hasara ya milioni 200 hivi.

Kuna pia kazi za dereva ambazo hakuna aliyeziweka kwenye bei. Lori likikwama Marekani, sheria inadai pembetatu zinazoakisi mwanga zipangwe barabarani ndani ya dakika 10. Kwetu utingo angeruka chini na kuzipanga. Dereva wa Marekani hana utingo, hushuka mwenyewe. Kompyuta haina miguu. Aurora na Waymo waliomba mwaka 2023 waruhusiwe kutumia taa za tahadhari juu ya kabini, mamlaka ikakataa mwishoni mwa 2024, Aurora ikaenda mahakamani, na kibali cha muda hakikutoka hadi Oktoba 2025. Karibu miaka mitatu kwa ajili ya pembetatu! Bado kuna tairi linalopasuka, askari anayesimamisha gari, mzigo uliolegea.

Kwa sasa hesabu zinakaa vizuri zaidi pale umma usipopita. Kampuni ya madini ya Rio Tinto ilianza kutumia malori yasiyo na dereva katika machimbo ya chuma ya Pilbara, Australia, mwaka 2008, na hakuna aliyehitaji kubadilisha sheria ya barabara. Kodiak, kampuni nyingine ya malori yanayojiendesha, imefuata njia hiyohiyo: inasafirisha mchanga wa visima vya mafuta jangwani magharibi mwa Texas, kwenye barabara binafsi za vumbi. Malori ni mali ya mteja, Atlas Energy, aliyeagiza 100 kwa kuanzia. Kodiak hulipwa kwa kuyaendesha, usiku na mchana.