Kuyataja Maradhi kwa Dalili Zake za Mwanzo: Vinundu vya Kiganja na Vinundu vya Wayo

Mfasiri anayekabidhiwa kijitabu cha elimu ya afya aghalabu huanza na majina ya maradhi, kwani ndiyo yanayomkabili katika vichwa vya sura. Baadhi ya majina hayo yana visawe vilivyokwisha kuzoeleka: kifua kikuu, kichocho, pepopunda, kisukari. Mengine hayana, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Makala haya yanachukua maradhi mawili ya kundi hilo la pili, ambayo katika vitabu vya udaktari hujulikana kwa majina ya wapasuaji walioyaeleza: ugonjwa wa Dupuytren, unaoshika kiganja cha mkono, na ugonjwa wa Ledderhose, unaoshika wayo wa mguu. Tunakusudia kuonyesha kwamba jina litakalochaguliwa si pambo la kamusi tu. Laweza kumfanya mtu afike zahanati mapema. Laweza kumweka nyumbani na hofu isiyo na sababu. Na, lililo baya zaidi, laweza kumfanya adharau ukoma akidhani ni jambo dogo.

Maradhi yenyewe

Mfasiri hawezi kukitaja kitu asichokijua, kwa hiyo yafaa tuanze na maelezo. Chini ya ngozi ya kiganja kuna utando imara wa nyuzinyuzi unaoishikilia ngozi isiteleze tunaposhika mpini au ndoo. Utando wa namna hiyo upo pia chini ya ngozi ya wayo. Katika maradhi haya chembehai za utando huzidisha kutengeneza nyuzinyuzi, na utando huanza kunenepa mahali pamoja. Kwanza hutokea kinundu kigumu, pengine kidogo kama kunde, mara nyingi karibu na mkunjo wa kiganja ulio chini ya kidole cha pete au kidole cha mwisho. Ngozi iliyo juu yake yaweza kubonyea na kufanya kishimo. Kwa kawaida hakuna maumivu makali. Baada ya miezi au miaka, kwa baadhi ya watu, kinundu hurefuka kuwa kama ugwe unaoelekea kwenye kidole. Ugwe huo husinyaa na kukivuta kidole mpaka kisiweze kunyooka. Kwa wengine kinundu hubaki kinundu maisha yote.

Katika wayo mambo ni tofauti kidogo. Vinundu hutokea sehemu ya katikati, upande wa ndani, pale ambapo wayo umejikunja usiguse ardhi. Vyaweza kuuma mtu anaposimama kwa muda mrefu au anapovaa kiatu kigumu, lakini ni nadra vidole vya mguu kukunjwa navyo.

Guillaume Dupuytren alikuwa mpasuaji wa Paris, naye alifundisha juu ya ugonjwa wa kiganja mwaka 1831. Hata hivyo hakuwa wa kwanza kuuona: Felix Platter wa Basel aliutaja mwaka 1614, na Astley Cooper wa London mwaka 1822. Georg Ledderhose, mpasuaji wa Kijerumani, aliandika juu ya wayo katika miaka ya 1890. Ugonjwa wa kiganja huonekana sana Ulaya ya Kaskazini, zaidi kwa wanaume waliopita umri wa miaka 50, na mara nyingi hufuata ukoo. Miongoni mwa Waafrika ni nadra, lakini madaktari wamekwisha kuueleza hata barani humu. Jambo moja linawahusu wasomaji wetu moja kwa moja: watu wenye kisukari huupata zaidi kuliko wengine, na wagonjwa wa kisukari nchini wanaongezeka.

Kibaha na Kisarawe: njia mbili za kukosea

Tuangalie sasa mahali ambapo kijitabu chetu kitasomwa. Kibaha ipo kando ya barabara ya Morogoro, yapata kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi nne za Kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, na mwaka 1970 likakabidhiwa kwa serikali yetu. Kituo cha afya kilichokuwa sehemu ya mpango huo ndicho asili ya Hospitali ya Tumbi. Sasa, nchi hizo nne ni miongoni mwa zile ambako ugonjwa wa Dupuytren ni jambo la kawaida. Kitabu cha tiba kilichoandikwa huko kikiona kidole cha pete kilichokunjika, hukimbilia kuutaja ugonjwa huo kwanza.

Kisarawe, wilaya jirani iliyo ng'ambo ya vilima vya Pugu, ni nchi ya wakulima wa mihogo na mikorosho na wachoma mkaa. Huko mtu mwenye vidole vilivyokunjika hatafikiriwa kuwa na ugonjwa wa Dupuytren. Majirani watawaza ukoma, na pengine watalitaja kwa sauti ya chini. Hofu hiyo haikutoka hewani. Ukoma umeishi katika Mkoa wa Pwani kwa vizazi vingi, na kijiji cha Kindwitwi kule Rufiji kilijulikana kwa kuwatunza waliougua. Tena ukoma, unapoharibu neva inayopita nyuma ya kiwiko, hukunja vidole vilevile viwili: cha pete na cha mwisho.

Basi mfasiri ana njia mbili za kukosea. Akifuata kitabu cha kigeni neno kwa neno, atamwambia mgonjwa wa ukoma kwamba ana ugonjwa wa wazee usiohitaji haraka. Akifuata mazungumzo ya mtaani, atampa mtu mwenye kinundu kisicho na madhara jina linaloweza kumtenga na jamaa zake. Hapana budi maneno yake yaweze kuyatenganisha mambo haya mawili.

Maneno ambayo hayatoshi

Neno la kwanza linalokuja mdomoni ni mshipa. Mtu atasema, "Mishipa ya kiganja imekaza." Lakini mshipa katika lugha ya kila siku hubeba mizigo mingi: njia ya damu, njia ya fahamu, kano ya msuli, hata ngiri. Kijitabu kikisema "mishipa imeharibika", msomaji hawezi kujua kama ni utando, kano au neva, na hapa ndipo tofauti ya maradhi yetu na ukoma inapolala. Twapendekeza mfasiri aandike mshipa wa damu, neva (au mshipa wa fahamu), kano na utando, kila kimoja mahali pake, na aliache neno mshipa lililo peke yake.

Neno la pili ni sugu. Mkulima ashikaye jembe na panga ana sugu, naye atakidhani kinundu kuwa mojawapo. Sugu ni ugumu wa ngozi yenyewe, unaotokana na msuguano. Hulainika ukilowekwa majini na waweza kusuguliwa ukapungua. Kinundu kipo chini ya ngozi, na kusugua hakukipunguzi. Vilevile chunjua huota juu ya ngozi, wala si mfano wa vinundu hivi.

Neno la tatu ni uvimbe. Hili ni neno pana, na siku hizi wengi wakilisikia huwaza saratani. Kinundu, kutokana na nundu ambayo kila mfugaji anaijua, lataja umbo na udogo wa kitu bila kutia hofu.

La nne ni ukakamavu. Kitenzi kukakamaa kinafaa kwa kidole kisichonyooka, lakini jina ukakamavu limekwisha kuwa sifa: husemwa juu ya askari na juu ya kijana shujaa. Kumwandikia mgonjwa kwamba ana "ukakamavu wa vidole" ni kumchekesha au kumchanganya. Mkazo nao umechukuliwa na wanaisimu na wanafizikia. Kusinyaa, kwa upande mwingine, kwaeleza kile hasa utando unachofanya, na jina msinyao laweza kuundwa kutokana nacho bila kuvunja kanuni yoyote ya lugha.

Jina lianzie wapi?

Hapa tunafikia hoja yetu kuu. Visawe vingi vinavyopendekezwa na wafasiri, kama vile "ugonjwa wa vidole kukunjika", huyataja maradhi kwa mwisho wake. Mtu mwenye kinundu kimoja, ambaye vidole vyake vingali vinanyooka, akisoma kichwa hicho atasema, "Hili halinihusu," na atafunua ukurasa mwingine. Kijitabu kitakuwa kimemkosa msomaji yule yule kilichoandikwa kwa ajili yake. Kwa wayo kosa ni kubwa zaidi, kwani vidole vya mguu aghalabu havikunjiki kabisa, na jina litakuwa la uongo toka mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo twapendekeza maradhi yatajwe kwa dalili ya mwanzo: vinundu vya kiganja na vinundu vya wayo. Hatua ya baadaye katika mkono iitwe msinyao wa kiganja. Majina ya Dupuytren na Ledderhose yabakizwe katika maandishi ya matabibu na katika barua za rufaa, ili daktari popote duniani aelewe, na yaandikwe kwa tahajia yake ya asili.

Kuyatumia maneno katika mashauri

Istilahi hupimwa kwa kazi. Tujaribu sasa kuandika mashauri ambayo mtu wa Kisarawe au Kibaha aweza kuyafuata.

Kwanza, ajue kama hisia ipo. Aguse kiganja na vidole kwa pamba huku amefumba macho. Katika vinundu vya kiganja hisia kwa kawaida haipotei. Akiwa na ganzi, au baka la ngozi lisilohisi, au vidole vilivyokunjika lakini vikaweza kunyooshwa kwa mkono wa pili, aende kituo cha afya bila kungoja: hizo zaweza kuwa dalili za ukoma, na ukoma hutibika kwa dawa zitolewazo bure kwa miezi 6 au 12.

Pili, aweke kiganja juu ya meza. Kikilala chote na vidole vikanyooka, hakuna haraka. Aweza kuchora mkono wake juu ya karatasi, aandike tarehe, na kurudia baada ya miezi michache. Siku kiganja kitakapokataa kulala juu ya meza, amwone tabibu. Madaktari wengi hufikiria upasuaji kidole kinapokuwa kimevutwa kwa digrii 30 hivi kwenye kiungo chake cha shina. Ugwe waweza kukatwa kwa kisu au kwa sindano, ingawa ugonjwa huweza kurudi.

Tatu, apimwe sukari katika damu.

Nne, asikate kinundu kwa wembe, asikivute kidole kwa nguvu, wala asikifunge banzi usiku kucha kwa matumaini ya kuzuia msinyao. Faida ya jambo hilo haijathibitika. Mpini wa jembe waweza kuzungushiwa kitambaa au mpira ili usikandamize kinundu. Mwenye vinundu vya wayo aache katambuga ngumu, avae kiatu chenye soli laini ya ndani, na aitoboe soli hiyo pale kinundu kinapokaa. Kinundu kinachokua upesi, kinachotoa usaha au chembechembe, au chenye rangi nyeusi, si cha kungojea, kionyeshwe hospitali.

Msomaji ataona kwamba mashauri yote haya yamesimama juu ya tofauti za maneno: hisia na ganzi, utando na neva, kinundu na sugu. Tukiweka mshipa mahali pa neva, shauri la kwanza laanguka. Tukiweka sugu mahali pa kinundu, la nne laanguka.

Istilahi zinazopendekezwa

Utando wa kiganja: tabaka la nyuzinyuzi lililo chini ya ngozi ya kiganja.

Kinundu: donge dogo gumu lililo chini ya ngozi. Wingi: vinundu.

Vinundu vya kiganja: ugonjwa wa Dupuytren, hasa katika hatua yake ya mwanzo.

Ugwe wa kiganja: sehemu ya utando iliyorefuka na kukaza kuelekea kidoleni. Wingi: ngwe.

Msinyao wa kiganja: hatua ambayo ugwe umekivuta kidole kisinyooke.

Vinundu vya wayo: ugonjwa wa Ledderhose.

Kishimo cha ngozi: mbonyeo wa ngozi juu ya kinundu.

Mkunjo wa neva: kukunjika kwa vidole kunakotokana na neva iliyoharibika, kama katika ukoma.

Haya ni mapendekezo, si uamuzi. Walimu wa vyuo vya afya, wafasiri na watumishi wa zahanati ndio watakaoyajaribu mbele ya wasomaji halisi. Tunawaomba hasa wale walio Kibaha, Kisarawe na wilaya nyingine za Pwani watuletee maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia wanapoonyesha kiganja au wayo kwa mara ya kwanza, maana huenda lugha ina neno lililo bora kuliko haya, nalo lingali linasemwa kijijini bila kuandikwa.