Kenya: Mstaafu ukumbini, shahidi wa jukwaa

Mchezo wa kuigiza ukimalizika, watazamaji hutawanyika na kumbukumbu zao. Ndiyo sababu uhakiki wa mstaafu anayehudhuria maonyesho ya kwao una thamani ya pekee.

Mwaka 1977, wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliipiga marufuku baada ya wiki chache, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982, ukumbi waliojijengea wanakijiji ulibomolewa.

Tamthilia hiyo ilirejea jukwaani jijini Nairobi mwaka 2022. Mhakiki kijana aliweza kuupima uigizaji wa usiku ule tu. Lakini mtazamaji aliyekuwa na miaka 20 kule Kamiriithu sasa alikuwa na 65, amekwisha kustaafu. Yeye aliweza kueleza ni lipi lililobaki na lipi lililopotea.

Kwa hiyo mstaafu anayekwenda kutazama mchezo leo aandike usiku huohuo: nani aliigiza, hadhira ilicheka wapi, na wapi ilinyamaza. Miaka 45 baadaye, huenda mtu akayahitaji maandishi hayo.