Nakawa: Fundi wa mashine ya kurudufu anahitaji vifaa gani?

Muhula unapokaribia kwisha, mashine za kurudufu shuleni huchapa karatasi za mitihani kwa maelfu. Ikigoma moja tu, ratiba nzima ya mtihani huyumba. Katika Tarafa ya Nakawa jijini Kampala, penye shule nyingi pamoja na Chuo Kikuu cha Kyambogo, fundi mwenye vifaa kamili ni mtu wa kutegemewa.

Mashine hufanyaje kazi?

Mashine za zamani zilitumia stensili iliyochapwa kwa taipureta. Zile za kidijitali, kama Risograph ya Japani, hutoboa stensili zenyewe kwa kichwa chenye vipashio vidogo vya joto. Stensili huzungushiwa silinda yenye wino ndani, na wino hupenya matundu hadi kwenye karatasi.

Vifaa vya lazima

Cha kwanza ni seti ya bisibisi, bapa na za nyota, pamoja na spana ndogo, koleo lenye ncha nyembamba na tochi. Hivi hufungua mashine, lakini havionyeshi ugonjwa.

Cha pili ni maltimita. Umeme wa Uganda ni wa volti 240, hivyo plagi huchomolewa kabla ya kifuniko kuondolewa. Kisha fundi hupima fyuzi na nyaya, asibadilishe kipuri kwa kubahatisha.

Cha tatu ni vifaa vya kusafishia: brashi laini, kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili. Petroli na thina hazifai, kwani huharibu mpira na plastiki.

Dalili na chanzo chake

Mstari mweupe unaorudi mahali pale pale katika kila nakala mara nyingi humaanisha kuwa uchafu umeziba kichwa cha joto. Kichwa hupanguswa kikiwa kimepoa. Mstari ukibaki baada ya kusafisha na kutengeneza stensili mpya, huenda kipashio kimeungua.

Mstari mweusi unaoonekana wakati wa kunakili tu, lakini si wakati wa kuchapa kutoka kwenye kompyuta, huashiria uchafu kwenye kioo cha kusomea.

Karatasi zikikataa kuvutwa, au zikiingia mbili mbili, fundi huchunguza rola za mpira. Vumbi la karatasi huzifanya ziteleze. Karatasi zilizonyonya unyevu nazo hugandamana.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Kichwa cha joto ni miongoni mwa vipuri ghali, ilhali kukisafisha huchukua dakika chache. Kabla ya kulipia kipuri kipya, mwalimu mkuu ana haki ya kuuliza maswali mawili: je, mashine imesafishwa? Na vipimo vimeonyesha nini?

Chuo cha Ufundi cha Nakawa, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ushirikiano wa Uganda na Japani, hufundisha umeme na elektroniki, ambao ndio msingi wa kazi hii.