Kigimbi na Ngazi: Kwa Nini Kushuka Huuma Kuliko Kupanda

Doha ni mji tambarare. Aliyekulia Lushoto au Kisii akifika hapa, milima yake ni ngazi: za jengo la zamani lisilo na lifti, au za nyumba ya mwajiri ambazo dada wa kazi huzipanda na kuzishuka kutwa, kapu la nguo mkononi.

Mgeni wa kazi hiyo hulalamikia vigimbi baada ya siku mbili. Wengi hulaumu kupanda, kwa sababu huko ndiko pumzi ilikokatika. Mara nyingi mkosaji ni kushuka.

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa, mmoja umelala juu ya mwingine. Wa nje huanzia juu kidogo ya goti, wa ndani chini yake, na yote huungana kwenye kano nene linaloshika mfupa wa kisigino. Ukipanda, mapaja na makalio ndiyo yanayobeba kazi kubwa. Kigimbi hujikaza na kufupika, kinainua kisigino na kukusukuma kuelekea kidato cha juu.

Ukishuka, mguu hutua kwa sehemu ya mbele, kisha kisigino hufuata polepole. Kinachokizuia kisianguke kwa kishindo ni kigimbi, na hapa kinafanya kazi huku kinarefuka, kama mkono unaoteremsha ndoo kisimani: kamba inapita, lakini haiachiliwi. Kazi hii hailigharimu pumzi sana, ndiyo maana hutweti, ila huumiza nyuzi ndogondogo za msuli usioizoea. Maumivu huanza kesho yake, hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha huisha yenyewe. Waliopanda Kilimanjaro wanajua siku ya kuteremka ilivyowatenda. Habari njema ni kwamba msuli huzoea. Ngazi zilezile wiki ijayo hazitauma hivyo. Shika tu reli, na ndala zinazoteleza ziache mlangoni.

Kigimbi pia ni pampu. Kila kikikaza hubana mishipa ya damu na kuisukuma damu juu kuelekea moyoni. Ukikaa kwenye ndege saa sita hivi kutoka Dar bila kuinuka, pampu imelala, na damu inaweza kuganda ndani ya mguu.

Kwa hiyo tofautisha. Vigimbi vyote viwili vikiuma baada ya ngazi, subiri. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto au ukabadilika rangi, hasa baada ya safari, kujifungua au upasuaji, mafuta ya karafuu yaweke kando. Usikubali kukandwa, hata na mama, kwani donge linaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Nenda hospitali siku hiyohiyo, zamu au si zamu. Na pumzi ikibana au kifua kikichoma unapovuta hewa, piga 999, na ngazi usizishuke. Wasubiri wakufuate hukohuko juu.