AFYA YETU: TUTENGENEZE CHUJIO LA MCHANGA

Ndugu msomaji, maji ni uhai. Hayo tunayajua sote. Lakini maji hayo hayo yanaweza kuleta ugonjwa nyumbani.

Katika vijiji vingi bado tunateka maji ya lambo, ya mto, au ya kisima kisichofunikwa. Ng'ombe hunywa humo humo. Mvua inaponyesha huzoa kinyesi kutoka vichakani na kukiingiza majini. Kisha ndoo hujazwa, hupelekwa nyumbani, na mtoto hunywa.

Maji ya namna hiyo huleta kuharisha, kuhara damu, homa ya matumbo, minyoo na kipindupindu. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo. Mtoto anayeharisha sana hupoteza maji mwilini upesi, na anaweza kufa kwa muda mfupi.

Leo tutajifunza kutengeneza chujio la mchanga. Chujio hili halihitaji umeme wala mashine. Maji hushuka yenyewe kwa uzito wake.

CHUJIO HUFANYAJE KAZI?

Mchanga hufanya kazi mbili. Kwanza, huzuia tope, takataka na mayai ya minyoo. Pili, juu ya mchanga huota utando laini. Utando huo una viumbe hai vidogo sana ambavyo hatuwezi kuviona kwa macho. Viumbe hivyo hula vijidudu vya maradhi vinavyopita na maji.

Kama viumbe wengine, navyo huhitaji maji na hewa. Mchanga ukikauka, hufa. Maji yakisimama juu ya mchanga kwa kina kirefu, hukosa hewa, navyo hufa. Kwa hiyo maji yaliyotulia juu ya mchanga yawe na kina cha sentimita 5 tu, yaani upana wa vidole vitatu. Hiyo ndiyo siri ya chujio hili.

Kazi ya mchanga si hadithi. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia mji wa Hamburg, Ujerumani. Watu wa Hamburg walikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Zaidi ya watu 8,000 walikufa. Jirani yao kabisa ulikuwapo mji wa Altona. Mji huo ulitumia mto ule ule, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulipita. Lakini Altona walichuja maji yao kwa mchanga. Waliougua huko walikuwa wachache sana kuliko wa Hamburg.

VITU VINAVYOHITAJIKA

1. Pipa la plastiki la lita 200, lenye kifuniko. Liwe pipa lililobeba chakula au maji. Usitumie kamwe pipa lililokuwa na mafuta ya mitambo, dawa ya pamba au kemikali yoyote.
2. Bomba la plastiki la nusu inchi, pamoja na kona zake.
3. Kokoto ndogo zenye ukubwa wa punje ya mahindi, ndoo moja.
4. Changarawe zenye ukubwa wa punje ya mtama, ndoo moja.
5. Mchanga safi, ndoo 7 za lita 20. Usitumie mchanga wa pwani, kwa sababu una chumvi.
6. Beseni la plastiki linaloingia katika mdomo wa pipa.
7. Ndoo safi yenye kifuniko, na koki kama inawezekana.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kwanza: Chekecha mchanga kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu. Mchanga uliopita ndio unaotakiwa. Uoshe kwa maji safi mara nyingi, hadi tope lipungue sana. Kisha uanike juani hadi ukauke kabisa. Osha kokoto na changarawe pia.

Pili: Chagua mahali pa kuliweka pipa. Pawe na kivuli, tambarare na pagumu. Likishajaa mchanga halihamishiki, hivyo fikiri kabla ya kuanza.

Tatu: Toboa tundu moja ubavuni mwa pipa, karibu na kitako. Pitisha bomba. Sehemu iliyo ndani ilale chini ya pipa. Itoboe matundu madogo na uizibe mwishoni. Mwombe fundi bomba akusaidie kuziba tundu la pipa lisivuje.

Nne: Kwa nje, pandisha bomba juu likiegemea pipa. Mdomo wake uwe sentimita 65 kutoka kitako cha pipa, halafu uupinde kidogo uelekee chini. Usiweke koki katika mdomo huo. Usiunganishe mpira mrefu pia, kwa maana mpira utavuta maji yote na kukausha mchanga.

Tano: Tandaza kokoto sentimita 5 juu ya bomba la ndani. Juu yake weka changarawe sentimita 5.

Sita: Mimina maji kwanza, ndipo umimine mchanga ndani ya maji hayo. Hivyo hewa haitanaswa katika mchanga. Mchanga uwe na kina cha sentimita 50, kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Usawazishe juu.

Saba: Toboa beseni matundu madogo mengi, uliweke mdomoni mwa pipa. Maji yakipita humo yatadondoka kama mvua, hayatachimba mchanga. Funika pipa.

Nane: Mimina maji hadi yanayotoka yawe maangavu. Maji yakiacha kutoka, pima yaliyobaki juu ya mchanga. Yakiwa sentimita 5, umefanya vizuri. Yakizidi, ongeza mchanga. Yakipungua, punguza mchanga.

KUTUMIA NA KUTUNZA

Utando hauoti siku moja. Huchukua wiki 3 hadi 4. Tumia chujio kila siku, lakini usitegemee nguvu yake kabla ya muda huo.

Mimina ndoo moja, kisha lipumzishe saa moja au zaidi kabla ya kumimina nyingine. Lisikae zaidi ya siku 2 bila maji mapya. Teka maji mahali pamoja siku zote, kwa sababu utando huzoea maji yake. Maji yenye tope jingi yaache yatulie usiku kucha katika chombo kingine, kisha mimina yale ya juu.

Angalia mwendo wa maji. Ndoo ya lita 20 isijae chini ya dakika 15. Ikijaa upesi, mchanga wako una punje kubwa mno. Maji yakitoka polepole, usihuzunike. Hapo ndipo chujio linafanya kazi vizuri.

Baada ya miezi kadhaa maji yatatoka kidogo mno. Nawa mikono kwa sabuni. Koroga juu juu tu kwa vidole, teka maji yaliyochafuka kwa kikombe na kuyamwaga, kisha jaza tena. Usichimbe chini. Utando utahitaji siku kadhaa kurudi.

Usimimine dawa ya klorini ndani ya chujio. Dawa hiyo itaua utando wako.

MAJI MAANGAVU SI LAZIMA YAWE SALAMA

Ndugu msomaji, hapa tusikilizane vizuri. Chujio hupunguza sana vijidudu, lakini haliwamalizi wote. Vijidudu vidogo zaidi huweza kupita. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakamwua mtoto. Kwa hiyo ukimaliza kuchuja, bado una hatua moja. Chagua mojawapo:

(a) Chemsha hadi maji yatokote sawasawa, uyaache yatokote dakika moja.
(b) Weka dawa ya klorini ya dukani kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Subiri nusu saa ndipo unywe.
(c) Kama kuni na dawa hakuna, jaza chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita 1 au 2. Zilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, zilaze siku 2.

Je, basi chujio ni la nini? Jua haliwezi kupenya maji ya tope. Klorini nayo huishia katika tope kabla ya kufikia vijidudu. Chujio huyafungulia njia jua na dawa. Na siku ambayo huna la kufanya, maji yaliyochujwa ni afadhali sana kuliko ya lambo.

Hifadhi maji katika ndoo yenye kifuniko. Tumia koki au kata ya mpini mrefu. Mkono mchafu ukiingia ndani, kazi yote ya chujio imepotea.

CHUJIO HALIWEZI KILA KITU

Chujio haliondoi chumvi, dawa za mashambani, wala zebaki ya wachimbaji wa dhahabu. Haliondoi pia madini ya floraidi yanayofanya meno kuwa ya kahawia, kama ilivyo katika sehemu za Arusha, Manyara, Singida na Shinyanga. Hata kuchemsha hakuyaondoi. Hapo dawa ni kutafuta chanzo kingine.

Tena, kichocho huingia kupitia ngozi tunapooga au kuvua majini. Chujio halitakukinga na hilo. Na kama kijiji hakina vyoo, tutachuja kinyesi chetu wenyewe kila siku. Chujio na choo viende pamoja.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini maji ya juu ya mchanga yasizidi wala yasipungue sentimita 5?
2. Maji yetu tunayateka wapi, na uchafu gani huingia humo?
3. Ni kaya ngapi za kitongoji chetu zinaweza kuchangiana pipa moja, na nani atalitunza?